Aliyebonyeza Zuia

Kompyuta ya zahanati ile ilinichefua hata kabla sijaigusa. Vitufe vilinata mafuta, katikati yake makombo ya karanga, na pembeni mwa kioo mtu alikuwa amefutia kidole. Shangazi yangu ndiye mpokezi wa wagonjwa pale tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na namjua: mtu wa kupiga deki hadi kwenye kizingiti cha jirani. Nikamuuliza uchafu huu ni wa nani. Akaonyesha kwa kidevu mlango wa ofisi ya ndani.

"Mchana anakuja kukaa hapa na karanga zake, anaangalia magari ya kununua. Nimwambie nini? Zahanati ni yake."

Ndiye daktari mwenye zahanati, ambaye wafanyakazi wote humwita Mwenyewe.

Shangazi alikuwa ameniita kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Tovuti ya maabara, ile anayoifungua kila asubuhi kuchukua majibu ya wagonjwa, ilikuwa imegoma tangu wiki iliyopita. Ukiifungua, kinatokea kisanduku chekundu: si salama, imezuiwa. Akipiga simu maabara wanamwambia majibu yako kwenye tovuti, kisha wanakata.

Na kwenye benchi, hatua chache kutoka mezani, alikuwa amekaa fundi cherehani, jirani yake wa nyumba ya pili. Alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa titi, kikapelekwa maabara kupimwa. Kila siku anakuja, anakumbatia mkoba wake, haulizi kitu.

"Kimya hiki keshakitafsiri," shangazi aliniambia kwa sauti ya chini. "Jumapili kamhamishia kitinda mimba wake kwa dada yake. Kamwambia mama anasafiri."

Nikaanza kazi. Tovuti nyingine zilifunguka vizuri, kwa hiyo mtandao ulikuwepo. Tarehe ya kompyuta ilikuwa sawa. Nikaifungua tovuti ya maabara kwenye simu yangu, ukurasa wa kuingilia ukaja bila tabu yoyote. Ila kuingia mpaka uwe kwenye kompyuta ya zahanati iliyosajiliwa. Basi maabara haikuwa na kosa. Aliyefunga mlango alikuwa humu ndani, ile programu ya ulinzi.

Programu hiyo nayo ina historia yake. Mwenyewe aliwahi kubonyeza tangazo la kumwambia ameshinda gari, kompyuta ikaoza yote, rekodi za wagonjwa zikaenda na maji. Badala ya kuona haya, akanunua ulinzi na kuitisha kikao. Akatangaza sheria: kikija kisanduku chekundu, usisome, bonyeza Zuia. Nywila ya kubadilisha chochote akabaki nayo yeye, maana wengine, alisema, hawaaminiki.

Mara Mwenyewe akatoka ofisini, anajichokoa meno kwa kibanio cha karatasi. Kibanio kile kile akakirudisha kwenye kopo la shangazi.

"Umegundua?" akaniuliza. "Mimi nilishasema. Mama huyu na kompyuta wapi na wapi. Umri nao."

Alisema hivyo mbele ya benchi zima. Shangazi akainamisha uso, akapanga kadi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Ameishi hivyo miaka yote, anameza ili wanawe wasome, na mimi nilitamani kutapika kwa niaba yake.

"Naomba nywila, Daktari," nikasema.

Akaiandika mwenyewe, kafunika vitufe kwa mkono. Nikafungua sehemu ya tovuti zilizozuiwa. Ya maabara ilikuwa juu kabisa. Watu wa maabara walikuwa wamebadilisha anwani, programu ikashtuka na kuuliza kama iiamini au iizuie, na mtu akajibu izuie, tena moja kwa moja.

"Kuzuia moja kwa moja hakuwezekani bila nywila," nikasema. "Na nywila unayo wewe tu."

Shangazi akaniangalia, kisha akamwangalia Mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuinama.

"Mitandao hii," Mwenyewe akasema, uso mkavu kabisa. "Inajizuia yenyewe siku hizi."

Nikaondoa zuio. Tovuti ikafunguka, shangazi akatafuta jina la jirani yake, akasoma, akashika meza. Akamwita na kumgeuzia kioo. Haikuwa saratani. Majibu yalikuwa yamewekwa pale siku tano kabla ya ile Jumapili aliyomhamisha mtoto.

Fundi akasoma, akarudia. Akasimama, akaenda kumshika Mwenyewe mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, Daktari."

"Tuko hapa kwa ajili yenu," akajibu, na akaipokea ile asante yote. Sijawahi kuona kitu kinachotia kinyaa kama kile, na mimi nimefungua kompyuta zenye mende.

Kisha fundi akampigia dada yake, akaomba apewe mwanawe. Akagusa kipaza sauti bila kujua, tukasikia wote.

"Mama, umesharudi safari?"

"Sikusafiri, mwanangu. Nilidhani naumwa. Siumwi."

Mtoto akauliza, "Sasa mbona ulinileta huku?"

Mama akatuangalia. Mwenyewe alikuwa anajipapasa mifuko, anatafuta funguo za gari. Shangazi akamwegemea jirani yake na kuzungumza kwenye simu ile, taratibu, kama anavyoita wagonjwa.

"Kwa sababu kuna mtu alibonyeza kitu bila kusoma, baba. Na yuko hapa, anatafuta funguo."

Mwenyewe alizipata. Akaelekea mlangoni, na watu wa kwenye benchi, ambao siku zote humpisha, hawakuvuta miguu.