Odilon anamtafuta bibi yake kwenye jalada la katuni

Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachungulia, Odilon Wauters anamwaga vyombo vya marehemu juu ya mawe ya uwanja wa soko la mitumba, hapa Marolles, Brussels. Masufuria, koti la manyoya, meno ya bandia ndani ya glasi. Wateja wa kwanza wanazunguka na tochi kama polisi.

"Meno haya bei gani?" anauliza mmoja.

"Chukua bure, baba. Labda yatakufundisha kusalimia kwanza."

Wauzaji wa jirani wanaangua kicheko. Mteja naye anacheka, anasalimia, anaondoka na koti.

Odilon ana miaka sitini na moja. Kazi yake ni kutoa vyombo kwenye nyumba za waliofariki. Ndugu wa marehemu wanampigia simu, anafika na gari lake, anasomba kila kitu hadi cha darini, kisha anakuja kuuza hapa. Siku nzuri anabakiwa na yuro themanini. Siku ya mvua anarudi na mafua.

Kuna kitu kimoja tu ambacho yeye hakiuzi: magazeti ya zamani ya katuni ya watoto yaliyoitwa Le Tourniquet.

Hayataki yote. Anataka yale ishirini na manne ya mwaka 1956, ambayo mchoraji wake alifanya ujanja. Kila wiki alichora jaladani nyumba mbili za mtaa wa Vanniers, uliokuwa hatua chache kutoka uwanjani. Pembeni mwa kila jalada aliacha kipande cha nyumba inayofuata. Ukiyapanga ubavu kwa ubavu, mtaa mzima unatokea, na nguruwe mmoja mtoro anaukimbia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mtaa wenyewe ulibomolewa zamani zikajengwa ofisi. Umebaki kwenye majalada hayo tu.

"Na bibi yangu yumo," anasema Odilon.

Bibi huyo, Philomène, alikuwa akiuza konokono wa baharini mlangoni kwake, wamechemshwa kwenye sufuria kubwa. Alifariki kabla Odilon hajazaliwa. Picha zake zote ziliharibika chumba cha chini kilipofurika maji.

Kwenye jalada la kumi na sita, ukingoni kabisa, inaonekana sufuria na mkono ulioshika upawa. Mwili na uso vimeangukia jalada la kumi na saba. Na hilo la kumi na saba ndilo pekee ambalo Odilon hakuwa nalo.

Shida ni watu wa mtaa wenyewe. Gazeti lilipotoka, kila familia ilinunua lenye nyumba yao, ikachana jalada na kulitia fremu. Mengine yalitumika kuwashia majiko.

Jalada la kumi na saba lilikuwa mahali ambapo Marolles nzima inapajua: ukutani kwa Josine Daelemans, mwenye baa ya pale kona. Nyumba iliyochorwa katikati ilikuwa duka la mikate la baba yake. Odilon alimbembeleza miaka miwili.

"Nilimwambia, wewe mjukuu wa konokono, hutaniondolea baba yangu ukutani," anasema Josine huku akifuta glasi. "Anakuja hapa, anakunywa kahawa moja saa tatu nzima, anaukodolea macho ukuta. Wateja wakadhani ananitaka mimi!"

"Ningekutaka ningeagiza bia," anajibu Odilon.

Fremu ya Josine ilifunika ukingo wa kushoto, kwa hiyo hakuna aliyejua kilichokuwa chini yake. Wiki iliyopita unyevu ulianza kupanda kwenye kioo, na Josine akakubali ifunguliwe. Habari zilifika kabla ya bisibisi. Odilon alipoanza kulegeza skrubu, baa ilikuwa imejaa, na wengine walisimama juu ya viti.

Jalada likatolewa. Ukingo wa kushoto haukuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, mstari umenyooka, kwenye mwimo wa mlango wa duka la mikate.

Wazee wanajua kisa chake. Mvuke wa konokono ulikuwa ukiingia dukani, mkate ukanuka bahari. Muoka mikate na Philomène waliacha kusalimiana, hata kanisani kila mmoja na upande wake.

"Baba jamani!" akasema Josine, mkono mdomoni. Kisha akamgeukia Odilon. "Lakini na bibi yako naye alimharibia mikate."

"Na baba yako akamkata bibi yangu kichwa. Basi tumemalizana, dada."

Walicheka, ingawa Odilon alichelewa kidogo kuanza. Josine akampa jalada lile bila kuombwa.

Sasa mtaa wote umepangwa kwenye ukuta mrefu wa baa. Kati ya la kumi na sita na la kumi na saba, Odilon ameacha nafasi ya vidole viwili. Mteja mmoja alimshauri ayasogeze yakutane, nani atajua?

"Hapo kuna mtu amesimama," Odilon alimjibu.

Bado anatafuta jalada jingine la kumi na saba, ila amebadili mbinu. Zamani alikimbilia nyumba za watu wa Vanniers na watoto wao. Siku hizi anazipita.

"Waliokuwa na uchungu na mtaa ndio waliokata," anasema.

Jumatatu anakwenda kutoa vyombo nyumba moja huko Namur. Marehemu alikuwa fundi saa, na dari yake imejaa magazeti ya utotoni. Odilon alimuuliza binti wa marehemu kwenye simu kama baba yake aliwahi kuishi Marolles.

"Hakuwahi hata kufika," akajibu binti.

Odilon alifurahi kusikia hivyo. Mtu kama huyo hakuwa na sababu ya kumkata mtu yeyote.