Ndege Niliyoichinja Njia ya Ziwa

Haya, mucheke, lakini mucheke polepole, kwani hata leo mutu akitaja ndege mbele yangu natafuta pa kuficha uso. Nilikuwa mupishi wa muzungu mumoja ambaye hakutaka dhahabu wala pamba kama wenzake, kazi yake ni kupiga ndege, kuchuna ngozi na manyoya yake, na kuipeleka kwao Ulaya (kule wanaiangalia tu, hawaili!). Tulitoka Kasongo na kamyo, lori yake ya mizigo, tukapita Kabambare, tukaanza kupanda milima ya kuelekea ziwa Tanganyika, na mimi roho haitulii, kila kona nauliza "bado?", maana Bibi yangu alizaliwa ng'ambo ya lile ziwa, akaletwa Kasongo na misafara angali mudogo, na sasa macho yake yamekufa. Nilimuapia nitaenda kuiona ile maji nije nimuhadithie.

Shida ilikuwa nyama. Ngozi ikitoka, nyama inakuwa ya shofere wetu, Lusangi, yeye mukristo, anachoma, anakula, ananipungia mufupa: "Assumani, karibu!" Mimi mwislamu, ndege iliyokufa kwa risasi bila kuchinjwa ni nyamafu, basi kwangu ni majani ya muhogo tu, sombe asubuhi, sombe jioni.

Katika kijiji ya mwisho (ukivuka mulima moja tu, walisema, unaona ziwa) Bwana akapiga ndege kubwa, ya kijani na nyekundu, ile aliyoitafuta safari nzima. Ikaanguka kichakani, ikipapatika. Nikakimbia niiwahi ingali hai, nikasema moyoni, nikate kidogo tu, manyoya itaficha. Bismillahi! Loo, kisu nilikuwa nimeinoa asubuhi, ndege ikajitupa, kichwa huku, mwili kule.

Mutu mwenye akili angesema kweli. Mimi nikatoa sindano ya magunia, nikashona shingo mbiombio, nikalaza manyoya vizuri, nikamupelekea Bwana. Naye kwa furaha hakuangalia, akaita chefu, mukubwa wa pale, na kijiji yote, akashika mudomo wa ndege kwa vidole na kuiinua juu waione. Uzi ikakatika. Kichwa ikabaki mukononi mwa Bwana, mwili ikaanguka kwenye magoti ya chefu.

Walicheka, jamani, mpaka mama mumoja akaketi chini! Bwana hakucheka.

"Assumani, shusha mizigo yako."

Nikapiga magoti: "Bwana, ziwa iko hapo tu, nipeleke, mushahara usinipe!"

Kamyo ikaondoka, Lusangi akiangalia mbele, hata hakunitania. Na zamani zile, mutu mweusi bila karatasi ya njia hapiti, basi polisi wa chefu akanigeuza Kabambare kwa miguu, nami njia nzima naapa, tamaa ya nyama, mimi na wewe tumeachana!

Kasongo majirani wakajaa uani. Bibi akanishika mukono.

"Umeiona?"

Nikasema ndiyo (mulitaka niseme nini?), nikasifu maji ya buluu, mawimbi, upepo wake.

"Na milima ya kwetu, ng'ambo, inaonekana?"

"Inaonekana, Bibi. Wazi kabisa."

Akalia kwa furaha, akaniambia nianze tena mwanzo. Kila jioni, mpaka alipofariki, nilimuhadithia lile ziwa, na mimi sijaiona mpaka leo.