Gogogo wa Mama

Mama alipohamia kwangu Kalangalala, mjini Geita, macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli tu. Presha ya macho ilimwanza angali akishona nguo kwake Ngokolo, Shinyanga, na alituficha muda mrefu. Tuligundua pale alipoanza kumwomba jirani amtungie uzi kwenye sindano.

Sebuleni tulikuwa na tangi la kioo la kufugia samaki, dogo, limekaa tupu juu ya kabati. Tuliachiwa na mpangaji mmoja aliyekuwa akifanya kazi mgodini, mkataba wake ulipokwisha, pamoja na pampu yake ya hewa. Mume wangu akapanga kuagiza Mwanza wale samaki wekundu wanaowekwa maofisini. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Hao watakuwa wenu, baba. Mimi nataka samaki ambaye nami nitajua yupo."

Basi Jumamosi moja asubuhi mimi na mama tukaenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki kando ya ziwa. Mvuvi mmoja niliyekuwa nimeongea naye kwa simu alikuwa ametuwekea samaki wadogo wazima ndani ya beseni. Aliposikia tunazungumza Kisukuma, akamsalimia mama, "Mwangaluka, mayu," na mama akachangamka kana kwamba amefika kwao.

Tulianza na furu. Nikamweleza mama rangi zao, wekundu wa mkia na bluu ya ubavuni, naye akaitikia kwa adabu tu. Akapewa domodomo amguse. Akapitisha kidole kwenye ile pua ndefu na kutabasamu, lakini mvuvi akasema huyo ni dhaifu, huenda asifike mjini akiwa hai. Palikuwa na mtoto wa kamongo pia. Huyo hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo mama angemsikia, ila mvuvi alituonya kwamba hukua sana na hula kila anayewekwa naye. Mama alimfikiria kwa muda, akasema huyo mwishowe atamhamisha yeye sebuleni.

Ndipo mvuvi akamnyanyua samaki wa kahawia mwenye madoa na masharubu, akimshika kwa uangalifu kukwepa miiba. Samaki akakoroma, sauti kavu kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Mama akageuza uso. "Nani huyo?"

"Gogogo, mayu. Ndivyo anavyolia."

"Basi ni huyo."

Tulimrudisha nyumbani kwenye ndoo yenye maji ya ziwa, mama akiipakata kwenye bajaji. Tangini tulikuwa tumeweka maji ya bomba yaliyokaa wazi mpaka dawa ikaisha, changarawe, na kipande cha chungu kilichovunjika. Gogogo akaingia chini ya kile kipande cha chungu na kunyamaza.

Siku zikapita, hakutoa sauti yoyote. Wageni walituuliza kwa nini tunafuga maji. Mama aliketi karibu na tangi, redio ameipunguza, anasubiri, na mimi nikaona tumemdanganya. Alasiri moja nikakunja mkono wa gauni, nikamkamata samaki kwa chujio la jikoni na kumshika kama nilivyomwona mvuvi akifanya. Akakoroma.

Mama alicheka kwanza. Kisha akauliza, "Umemfanya nini?"

"Nimemshika tu, mama."

"Kumbe analia akishikwa."

Nikakubali kwamba ndivyo inavyoelekea.

"Mrudishe, mwanangu. Sikumleta hapa ili alie."

Nikamrudisha. Mwiba ulikuwa umenichoma na kidole kilipwita. Nilipokuwa nakiosha, mama akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Tangu macho yapungue, alisema, watu humshika bila kumwambia. Hospitali wanamgeuza kichwa, barabarani wanamvuta mkono kumvusha, hata kanisani wanamkalisha kwa kumkandamiza bega. Wana nia njema, lakini kila mara moyo wake hushtuka. Hakunitaja. Tangu siku ile mimi husema kwanza, "Mama, nakushika mkono," ndipo nimshike.

Mwezi uliofuata tulirudi mwaloni kumtafutia gogogo mwenzake. Mama alimwomba mvuvi asimnyanyue kwa mkono, amchote kwa bakuli pamoja na maji yake, na mvuvi akafanya hivyo bila kuuliza.

Sasa wapo wawili. Mchana hawaonekani. Giza linapoanza kuingia, kabla sijawasha taa, hutoka na kupekua changarawe, na vijiwe hugonga kioo taratibu. Mume wangu bado hazisikii sauti zile mpaka aambiwe. Mama huzisikia akiwa jikoni, anachambua mchicha.

"Wameamka," husema, na kuendelea na mboga zake.