Mshale wa Kombi na Mbuzi wa Ntheo

Enzi zetu sisi tuliokulia Wamunyu, kule Ukambani, miaka ya tisini, gari halikuwa na tabia ya kukuambia limebakisha kilomita ngapi. Lilizima, ukajua. Dereva alishuka, akalipiga gurudumu teke bila sababu yoyote, akachomoa mtungi nyuma ya kiti, na abiria wakaanza kutafuta kivuli. Hakuna aliyelalamika sana. Vijana wa leo betri ya simu ikifika asilimia kumi wanatokwa na jasho. Sisi tulisafiri na baba yangu.

Baba alikuwa akipeleka vinyago vya Wamunyu kwa maduka ya watalii Nairobi, twiga na vifaru na vile vijiko virefu ambavyo sisi wenyewe hatukujua ni vya kulia nini, na kwa kazi hiyo alinunua kombi ya kulala. Naomba niieleze, maana watoto wangu hudhani natunga. Ilikuwa kombi kuukuu, juu nyeupe chini kijani, iliyoletwa na wazungu wawili waliotoka kwao wakiiendesha hadi huku, kisha wakachokana nayo. Ndani ilikuwa na kitanda cha kukunjua, sinki ndogo, jiko la gesi, kabati, mapazia ya maua na paa lililoinuka. Hakuna nyumba kijijini iliyokuwa na sinki, lakini gari letu lilikuwa nayo! Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kikamba, alikataa katakata kupika mle. "Jikoni kwangu hakuna usukani," alisema, akaigeuza sinki kuwa mahali pa kuwekea nyanya. Sisi watoto tulichezea kalongolongo mle hadi tukaitwa kuoga kwa kiboko. Wenzetu walipika mchanga kwenye vifuniko vya chupa, nasi tukapika mchanga ule ule kwenye jiko la wazungu, tukijisikia sana. Nikikumbuka harufu ya mle ndani, godoro, vumbi la mbao ya jakaranda, petroli na nyanya zilizoiva kupita kiasi, naipenda kombi ile upya.

Ila geji yake ya mafuta ilikuwa mgonjwa. Mshale ulilala pale chini kabisa, tangi likijaa umelala, likiisha umelala. Hata kuchovya kijiti usingeweza, kwa sababu shingo ya tangi ilikuwa imepinda. Kwa hiyo baba alikadiria kwa kichwa. Mtu akimwonyesha ule mshale kwa kidole, alisema, "Huyo ni mwongo. Mwongo unamwacha aongee, wewe unaendelea na safari." Mwaitu alimjibu kwamba hata mwongo huwa na siku yake ya kusema kweli.

Siku hiyo ikaangukia ntheo ya Anko Mutua.

Anko Mutua alikuwa mdogo wake baba, mchongaji, mtu mpole ambaye aliongea na mbao zaidi kuliko na watu. Alikuwa amempenda Mumbua, msichana wa Kithyoko, na alipompenda akaanza kuchana nywele, jambo ambalo halikuwa limeonekana hapo awali. Ntheo ni wale mbuzi watatu ambao upande wa kijana hupeleka kwa kina msichana. Ukambani unaweza kufunga harusi kanisani na keki ya ghorofa tatu, lakini mbuzi wa ntheo kama hawajafika, wazee watakuambia hujaoa, umeazima. Basi tukawapakia mbuzi kwenye kombi, tukavuka mto Athi, tukapanda Yatta, tukapita Matuu tukiimba. Mbele kidogo kombi ikakohoa na kuzima. Mshale ulikuwa umelala kwenye tupu kama kawaida yake, na safari hii ulikuwa unasema kweli.

Baba alirudi Matuu na mtungi kutafuta petroli, na tulifika Kithyoko jua likizama. Wazee waliotungoja walikuwa wamekwenda zao, na chakula kilikuwa kimepoa. Baba yake Mumbua alikuwa mzee mfupi ambaye hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mbuzi wa ntheo hawafikangi giza kama wezi," alisema. "Rudini nao. Mkuje mwezi ujao, jua ikiwa juu. Mkichelewa tena, kuna mtu wa Matuu ako na lori ya mahindi. Amekuwa akiuliza habari ya huyu msichana. Na lori yake hufika."

Safari ya kurudi Anko alikaa sakafuni kati ya mbuzi wake, na mimi niliyekuwa na umri wa kucheza blada, kuruka mpira na wasichana wenzangu, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba mtu mzima anaweza kuumia na asilie.

Baba naye aliumia. Aliitisha fundi wa umeme kutoka Machakos mjini, siku moja kabla ya kurudi Kithyoko. Walianza na fyuzi, ikawa nzima. Kisha fundi akachomoa waya uliotoka kwenye tangi, akaugusisha kwenye chuma cha bodi. Sisi sote tulikuwa tumebanana mbele tukiutazama mshale, na kwa mara ya kwanza maishani mwetu tukauona ukiamka na kupanda hadi juu kabisa. Tulipiga makofi kama watu walioona mwujiza.

"Geji ni mzima," fundi akasema. "Mgonjwa ako ndani ya tangi."

Wakainua godoro, wakafungua kifuniko, wakatoa mkono mwembamba wa chuma wenye boya la bati mwishoni. Boya hilo ndilo lilitakiwa kuelea juu ya petroli na kuusukuma mshale. Lilikuwa na kitundu, limejaa petroli na kuzama. Fundi alitaka tungoje boya jipya kutoka Nairobi. Baba, mtoto wa mrina asali, akasema kungoja ni kwa nini na nta ipo? Kwetu chochote kinachovuja huzibwa kwa nta ya nyuki, iwe kibuyu, iwe mzinga, iwe sufuria ya mkwe. Fundi naye alikuwa Mkamba wa mizinga kama sisi, kwa hiyo hakupinga. Wakamwaga petroli iliyokuwa ndani ya boya, wakaziba kwa nta, wakarudisha, na kifuniko wakakibandika kwa gundi kali ili harufu isipande kwenye godoro. Baba akaenda kujaza tangi. Mshale ukasimama juu kama askari. Jioni ile aliizungusha kombi sokoni mara kadhaa bila shughuli yoyote, akiwaita watu waje wautazame.

Kesho yake tukaondoka asubuhi. Mbele walikuwa baba na Mwaitu katika kitenge kipya, nyuma wazee wawili wa ukoo juu ya kitanda, sisi watoto, mbuzi watatu waliofungwa kwenye mguu wa sinki, na Anko katika suti ya kuazima iliyomfika juu ya vifundo. Mbuzi mmoja alikuwa tayari ameanza kula pazia. Hakuna aliyemkanya, maana siku hiyo yeye ndiye alikuwa mgeni wa heshima.

Tulipoipita Matuu, mshale ukaanza kushuka.

Haukushuka polepole kama unavyoshuka mshale wenye akili timamu. Tulipanda kilima ukiwa nusu, tulipoteremka ukawa robo. Halafu ukalala pale pale tulipouzoea. Baba akasimamisha gari kando ya barabara.

"Nilijaza jana," akasema.

"Hata ile siku ulisema iko ya kutosha," Mwaitu akajibu.

Anko alilala chini ya gari akatazama. Hapakuwa na tone. Lakini harufu ya petroli ilikuwepo, na mzee mmoja akakumbusha kwamba kombi ililala nje na vijana wa siku hizi (ndiyo, hata wakati huo walikuwapo vijana wa siku hizi) wanajua kunyonya tangi kwa mpira. Kifuniko kilikuwa kimeganda kwa gundi, huwezi kukifungua bila kukivunja. Turudi Matuu kujaza, au tuendelee? Tukirudi, jua lingetupita. Tukiendelea na tangi likawa tupu kweli, Mumbua angeolewa na lori. Ule mshale tuliwahi kuukatalia ukasema kweli, na sasa hakuna aliyethubutu kuukatalia tena. Baba alishika usukani, akauachia, akaushika.

Ndipo Mwaitu akashuka, akaingia nyuma, akakunja godoro.

"Tingisheni," akasema.

Mtu wa rika langu anaelewa mara moja. Kila mama wa enzi zile alijua jiko la mafuta taa limebakisha kiasi gani kwa kulitingisha karibu na sikio. Mwaitu alitaka tumtingishie kombi. Basi tukashuka wote tukashika ubavu mmoja, baba, Anko na suti yake, wazee na fimbo zao, watoto, tukaanza kuisukuma na kuiachia, huku Mwaitu amelala kifudifudi juu ya ubao, kitenge kipya na yote, sikio chini. Mbuzi walipiga kelele kana kwamba wanachinjwa tayari.

Mzee mmoja wa Kisomali aliyekuwa akiswaga ng'ombe kuelekea mnadani akasimama, akaja kutusaidia.

"Gari imekwama wapi?"

"Haijakwama," baba akasema akihema.

"Sasa munasukuma nini?"

"Tunasikiliza mafuta."

Mzee alichungulia dirishani, akawaona mbuzi, akaona mama aliyelala kifudifudi, akaitazama suti ya Anko. "Hii ni harusi," akasema, akaegemeza fimbo yake na kushika ubavu pamoja nasi.

Baada ya muda Mwaitu aliinuka, akajipangusa vumbi shavuni.

"Iko. Tena ni mingi. Baba Mwende, endesha."

Alimwambia baba kwa sauti ile ile ya kutuambia chakula kimeiva. Tukapanda, na njia yote iliyobaki hatukuimba. Mshale ulikuwa umelala kwenye tupu, Anko ameshika pembe ya beberu kwa mikono miwili, na kila kombi ilipotikisika tulivuta pumzi. Tulipoingia ua wa kina Mumbua, mzee mfupi alitoka, akalitazama jua lililokuwa utosini, akawatazama mbuzi, kisha akamtazama Anko.

"Karibuni," akasema, na Anko Mutua akalia mbele ya wakwe zake, kwa furaha, bila kujificha.

Baba alipovunja ile gundi baadaye, tangi lilikuwa na mafuta mengi na boya halikuwa na nta hata chembe. Petroli huila nta, jambo ambalo ukoo mzima wa warina asali haukuwa na sababu ya kulijua. Anko alichonga boya jingine kwa mti wa muvuti, mwepesi ajabu, akalipiga msasa kama twiga wa kuuza, nalo likaelea hadi kombi ilipostaafu ikawa banda la kuku.

Mwaka jana, tukila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nyumbani, nilimuuliza Mwaitu siku ile mafuta yalisikikaje. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ningesikia nini, na hao mbuzi? Sikusikia kitu. Niliinua kichwa nikaangalia kwa dirisha, nikaona Mutua anasukuma gari na suti ya watu, macho imejaa machozi. Nikasema huyu kijana hatarudishwa mara ya pili."

"Na kama yangeisha?"

"Tungebeba mbuzi kwa mgongo. Lakini tungekuwa tumeenda."

Desemba iliyopita mwanangu alituendesha Kithyoko, kwa kuwa huko ndiko Anko na Mumbua walikojenga. Gari lake linaongea. Lilimwambia limebakisha kilomita nyingi kuliko safari yenyewe, na bado alikata kona akajaza. "Mum, lazima tukuwe sure," aliniambia. Ni kijana mzuri, na hachelewi popote. Tulifika mapema sana, kila mmoja akitazama simu yake. Nami nilimtazama pale nyuma ya usukani, nikajiuliza: siku kila kitu kitakapomwambia haiwezekani, na mtu anayempenda anamngoja huko mbele, ni nani atakayeinuka ajipanguse vumbi amwambie, endesha?