Sanduku la Kufagia Anga

Mzee wa kanisa aliponiuliza kama sanduku letu lingeweza kuingia kwenye mnada wa mavuno, nilipaswa kumjibu kwamba si langu peke yangu. Badala yake nilisema, "Lichukueni, mzee. Ni la Bwana." Nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana ya shemeji yangu, mjini Njombe, na mwenye karakana alikuwa ameenda Tandala, kumpeleka shangazi yake hospitali. Nilijibu upesi, kama mtu anayemkaribisha mgeni chai.

Nieleze kwanza sanduku lenyewe, maana nikilikumbuka bado nacheka.

Mimi nilikuwa fundi redio Makambako, karibu na stendi. Siku zile biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kilikuwa ruksa: redio kaseti, televisheni, marobota ya mitumba. Ndani ya koti moja la mtumba nilikuta gazeti la Ulaya lililokunjwa, lenye picha ya mtu aliyevaa kitu kama kofia ya pikipiki, kimemfunika macho. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nilielewa kwamba mtu yule amekaa kwenye kiti chake, lakini anaona dunia nyingine, na akigeuza kichwa anaiona pande zote. Wajukuu wangu huuita uhalisia pepe. Wakati ule sikuwa na jina lake.

Wiki hiyohiyo redio ilisema kwamba angani kumejaa takataka: setilaiti zilizokufa, vipande vya roketi, nati na bolti, vyote vinaizunguka dunia na hakuna wa kuviokota. Jumamosi nilipanda Njombe nikamsimulia shemeji, kaka wa mke wangu. Alikuwa seremala. Aliweka randa chini.

"Yaani hata huko juu wameshatupa makopo?"

"Wameshatupa."

"Na hakuna bwana afya wa kuwapiga faini?"

"Hakuna."

"Basi tukawafagilie, shemeji. Ingawa wewe hata kibanda chako hujawahi kukifagia."

Ndivyo mchezo ulivyoanza. Yeye aliunda sanduku la mbao za paini, kubwa kuliko kabati la nguo, mtu mzima anaingia na kufunga mlango. Katikati aliweka kigoda kinachozunguka juu ya beringi ya lori. Mimi nilizungushia kuta za ndani mabati, nikayapaka masizi, nikayatoboa kwa msumari, na nyuma ya matundu nikafunga balbu za tochi. Ukifunga mlango, nyota zilikuwa mbele, nyuma na juu yako. Darini tulining'iniza ringi ya baiskeli, ikazungushwa polepole na mota ya kaseti, na kwenye ringi tulifunga takataka kwa uzi mweusi: vizibo vya soda, nati, vipande vya bati. Mchezaji alishika fimbo yenye sumaku ya spika, akawinda. Katikati ya takataka lilielea kopo la siagi, ambalo ndilo nyumba ya wanaanga. Ukiligusa, kengele ya umeme inalia, nawe umeua watu.

Lakini kilichoufanya mchezo uwe kweli ni miwani. Marehemu baba yao shemeji na mke wangu alipasuliwa mtoto wa jicho hospitali ya Ilembula, akapewa miwani yenye vioo vinene kama matako ya chupa. Alipofariki, ndugu waligawana shamba na ng'ombe. Shemeji aliomba miwani tu. Akaitia ndani ya barakoa ya mbao, na mtu akiivaa, kizibo cha soda kinamjia kikubwa kama sinia.

Siku ya kulijaribu aliingia yeye. Tulisubiri. Kisha sauti ikatoka ndani:

"Shemeji! Mbona nimefika Njombe ya mwezi wa sita? Ukungu mtupu!"

Pumzi yake ilikuwa imetanda kwenye vioo. Tulihangaika na sabuni, tukahangaika na mafuta ya taa, hadi alipokata mwanzi mrefu, akaupenyeza ukutani, ili mchezaji apumulie nje. Kwa bahati mbaya, au nzuri, mwanzi ule ulikuwa umeshagemewa ulanzi, pombe ya mianzi. Mke wangu alipotoka ndani mara ya kwanza, alimtazama kaka yake.

"Huko angani kwenu kuna kilabu?"

"Kipo. Wenye waume wavivu wanakunywa bure."

Betri alituazima tajiri mmoja wa Makambako. Alikuwa Mwislamu, kwao Kondoa, ana lori la kubeba viazi. Madereva wake walimwita tajiri, nasi tukamwita hivyohivyo. Ndiye aliyekuwa akinipakia kwenda Njombe kila Jumamosi. Alipoingia sandukuni mara ya kwanza alitoka kanzu imejaa masizi, ngumi juu, kama aliyeshinda uchaguzi.

"Wallahi nimezoa zote, na nyumba ya watu sikuigusa!"

"Tajiri, kengele tumeisikia," shemeji akamwambia.

"Ile? Ile nilikuwa nabisha hodi!"

Basi kila Jumamosi foleni ilifika barabarani. Akina mama waliotoka sokoni walitua vikapu vyao. Walimu walikuja, wanakwaya walikuja. Aliyegusa kopo alitoka nje tukamwimbia wimbo wa msiba huku tukifa kwa kicheko. Shemeji alikuwa haketi. Alishika mlango, alipanga watu, alisugua vioo kwa pindo la shati lake baada ya kila mchezaji. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile, na nilijua kwamba nami nimo ndani ya furaha ile.

Sasa mnada. Kwetu, Jumapili ya mavuno, sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa. Kuku na ndoo ya viazi huenda na aliyenunua. Lakini kitu alichokiunda mtu kwa mikono yake kina utaratibu mwingine: mnunuzi hulipa, kisha husema, "Apelekewe mwenyewe." Fedha inabaki kanisani, kitu kinarudi nyumbani, na mwenye kitu anapigiwa makofi. Haujaandikwa popote, ila kila Mbena pale anaujua. Kwa hiyo nilipolitoa sanduku, sikuona kama ninalitoa. Kiongozi wa kwaya alikuwa ameshaninong'oneza kwamba wanakwaya wamechanga.

Tajiri alikuja kama mgeni wangu. Alisimama bega kwa bega nami. Dalali alipotaja sanduku, kwaya ikataja bei. Tajiri akacheka, akaipandisha. Kwaya ikapandisha tena, naye akapandisha. Nilielewa anachofanya: alidhani kumshinda mwenzako bei ndiyo heshima kwa fundi. Watu wakaanza kunitazama. Neno moja sikioni mwake lingetosha. Lakini kila bei ilipopanda, dalali alinitaja kwa sauti, "fundi wetu, fundi wetu," na nilitaka alirudie tena.

"Nani zaidi? Nani zaidi? Limekwenda!"

Uwanja mzima ukamgeukia, ukimngojea aseme yale maneno. Tajiri akanishika mkono, machozi ya furaha machoni.

"Watoto wa dada yangu Kondoa hawatalala kwa hili, fundi!"

Makofi yalipigwa, machache. Nikatabasamu. Vijana wa kwaya wakasaidia kulipakia juu ya magunia ya viazi.

Shemeji alirudi katikati ya wiki. Alinikuta kibandani kwangu Makambako, na hakukaa.

"Miwani ya baba iko wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lori halijaondoka," akasema. "Nimeliona uwanjani kwake. Nenda umwambie. Yule mtu ana moyo, atakupa miwani hata kama sanduku atabaki nalo."

"Kilichotolewa kanisani hakirudishwi, shemeji. Watu watasemaje?"

"Hukutoa cha kwako. Ulitoa cha baba yangu."

"Basi nenda wewe ukamwambie."

"Mimi sikumuuzia."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji. Alinisihi kwa Kibena, taratibu, niende. Nilishika chuma cha kulehemu nikajifanya naunga waya wa redio ya mteja. Shemeji alitoka. Asubuhi iliyofuata lori lilishika njia ya Iringa kwenda Kondoa.

Miezi mingi baadaye tajiri aliniambia kwamba watoto walilicheza sanduku hadi likavunjika, na kwamba hata yeye hakuwahi kucheka vile maishani. Alipouliza habari za fundi mwenzangu nikajibu kwamba hajambo. Hata hapo sikumuuliza vioo viko wapi.

Nimetengeneza redio nyingi tangu siku ile, na runinga, na simu. Hakuna hata moja iliyonifanya niamke kabla ya jua kwa hamu. Kusema "lichukueni" pale mlangoni kulinigharimu shemeji yangu. Hakuunda nami kitu kingine, hakukanyaga tena kwangu, na alipozikwa, mimi mume wa dada yake nilikaa upande wa wageni, bila kupewa kazi yoyote.