Mtikisiko Amerudishiwa Kisu cha Vioo

Saa mbili asubuhi, karakana ya vioo imenyamaza kama chumba cha mtihani. Mezani kimelazwa kioo cha dirisha la duka, kirefu kumpita mtu mzima. Mwanamume mwembamba mwenye kovu kiganjani anachovya kisu cha kukatia kwenye mafuta ya taa, anakandamiza rula, anashusha pumzi.

Halafu kwrrrr! Mvuto mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Kioo hakikatwi kwa kusitasita, ukisimama katikati umeshakiua. Anakisogeza ukingoni mwa meza, anakibonyeza kidogo, tak! Kimeachana, kimenyooka utadhani kilizaliwa hivyo.

"Mtikisiko, umetuweza leo!" anapiga kelele mwenzake.

"Leo tu? Leteni kingine."

Jina hilo alibandikwa enzi za chupa, mikono ilipokuwa inacheza asubuhi mpaka chai inaishia kwenye sahani. Waliotaka kumbadilishia aliwakatalia. "Liacheni hapohapo. Aliyepona ni Mtikisiko. Mkiniita jina jingine, sifa atapewa nani?"

Kazi alifundishwa na dada yake mkubwa, mwenye karakana. Pombe hakufundishwa na mtu. Ilianza na kimoja cha kuondoa uchovu jioni, ikaja kimoja cha kutuliza mkono asubuhi.

"Nilikuwa nakunywa ili nisitetemeke, na natetemeka kwa sababu nakunywa," anasema. "Sasa hapo unashika wapi, unaacha wapi?"

Maji yalizidi unga siku alipoangusha kioo cha kabati chumbani kwa mteja. Hasara yake ilikuwa mshahara wake wa miezi miwili. Dada akalipa, akarudi, akanyoosha mkono.

"Kisu. Utabeba, utafuta vumbi, utafagia. Hiki hukigusi tena mpaka nikuone mtu, mdogo wangu."

Fundi kunyang'anywa kisu mbele ya wanagenzi! Afadhali angezabwa kofi.

Mwenye kabati ni dereva wa lori mstaafu. Wala hakufoka. Alimvuta pembeni akamwambia, "Bwana mdogo, na mimi nilikuwa hivyohivyo, tena nimeshika usukani. Alhamisi jioni njoo nyuma ya zahanati. Tuna kikundi cha wanaoacha chupa. Tunakaa, tunaongea. Hakuna wa kukuhesabia dhambi."

Alhamisi ikafika, akaenda. Koridoni milango miwili, imefanana kama mapacha, haina kibao wala tangazo, maana wanakikundi wenyewe wanakwepa macho ya watu. Akasukuma wa kwanza, kichwa chini, akakaa nyuma kabisa. Alipoinua macho, kila aliyekaa mbele yake ana tumbo.

Darasa la wajawazito!

"Kutoka nikaona aibu," anasema huku anajifuta machozi ya kicheko. "Nikatulia tuli. Nimefundishwa kupumua, nimefundishwa kunyonyesha."

Mkunga akamfuata. "Baba, mama yuko wapi?"

"Mama yupi?"

"Mkeo, mjamzito."

"Sina mke."

"Sasa hapa anayezaa nani?"

Darasa likavunjika mbavu. Akabwabwaja eti amekuja kupima dirisha. Mkunga akaitazama mikono yake inavyocheza juu ya magoti, akainama, akasema polepole, "Mficha uchi hazai, baba. Ni mlango wa pili. Twende nikupeleke."

"Asingenishika mkono," anasema Mtikisiko, "ningeupita ule mlango moja kwa moja mpaka baa."

Ndani, viti vya plastiki vimepangwa duara. Dereva akamvutia kimoja. Mama mmoja muuza mitumba alikuwa anasimulia alivyokuwa anaficha chupa katikati ya marobota, mpaka siku moja akaiuza pamoja na koti. Watu wakacheka, na Mtikisiko naye akacheka, halafu akashtukia analia.

Siyo kwamba mambo yalinyooka papo hapo. Aliteleza. Alhamisi moja aliingia ananuka, miguu inamkataa, akijua leo anatupwa nje.

"Dereva akaniuliza, 'Umekuja?' Nikamwambia nimekuja. Akasema, 'Basi kaa.'"

Akakaa. Hajanywa tena mpaka leo.

Dada alikuwa anamwangalia tu. Mwezi huu akakiweka kisu mezani bila hotuba: "Lile dirisha la duka lina haraka." Ukimuuliza sasa, kifua kinatangulia. "Wateja wakija wananiruka mimi, wanauliza, 'Mdogo wako yupo?' Nawaambia yupo. Yupo kweli, siyo kama zamani, mwili uko hapa mwenyewe hayupo."

Kilichobaki sasa ni mlango. Mtikisiko anataka kuutia kioo mlango wa kikundi, anayekuja mara ya kwanza asipotee kama yeye. Alipotoa wazo, mama wa mitumba aliruka. "Kioo? Mama mkwe wangu apite anione?"

Wakabishana mpaka muda ukaisha. Alhamisi iliyofuata Mtikisiko akaja na jibu: kioo kifupi, chini kabisa, usawa wa miguu.

"Aliye nje ataona viatu tu," akawaeleza. "Vya kazi, vya ofisini, ndala. Atajua humu wamo watu kama yeye."

Wakakubali. Kioo atakikata mwenyewe, na Alhamisi ijayo anakwenda kukifunga.

"Basi nunua viatu vipya," dereva akamchokoza. "Hivyo vyako vitamfukuza mgeni."

"Sinunui ng'o. Kuna fundi atapita pale, ataviona, atasema: kumbe na sisi tumo."