Gari Lisilo na Alama ya Jino

Mama mkaguzi wa vituo vya kulelea watoto hagusi fomu yake mpaka apige magoti. Mimi dereva wake nimeshazoea. Huvua viatu, akapapasa magodoro, akanusa shuka, akachungulia chini ya meza. "Chumba cha mtoto hukaguliwa kwa kimo cha mtoto," husema, magoti yakimlia.

Juzi tuliingia kituo kinachong'aa kama kioo. Moyoni nikasema, leo tutatoka mapema. Mwenye kituo akatuonyesha rafu iliyojaa midoli. "Wanaichezea kutwa, mama."

Mkaguzi akachukua kigari cha plastiki, akakigeuzageuza kama anayechagua nyanya. "Hakina hata alama ya jino."

"Wanangu wana adabu," mwenyewe akacheka.

Mkaguzi alipiga magoti. Alimkabidhi kigari kile binti wa miaka mitatu hivi. Mtoto akakipokea kwa mikono miwili, akatembea nacho polepole hadi kwenye rafu, akakirudisha palepale kilipokuwa, kisha akaketi na kuficha mikono nyuma.

Hapo ndipo mama yule alipofungua fomu.